Hilda na Ukurasa wa Pili

Alhamisi, saa kumi jioni, Malindi ya huku Usambara. Ukungu umeshuka tangu saa saba na hata kabichi zangu hapo bondeni sizioni. Sawa tu. Leo sina hamu ya kuona kitu.

Jana nimevuliwa ualimu wa darasa la kipaimara.

Naandika hapa kwenye simu kwa sababu daftari langu liko kwa wazee wa usharika, wamelishikilia kama ushahidi wa polisi. Nieleze lilivyofika huko.

Tangu mwaka jana nasoma falsafa kwenye simu, ile ya Ulaya ya karne ya kumi na saba na ya kumi na nane. Nasoma na Hilda, jirani yangu, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Tukitoka shambani tunakaa jikoni kwake tunabishana mpaka maharage yanaungua. Kwa ubishi simuwezi.

Kuna bwana mmoja wa enzi hizo aliamua kutilia shaka kila kitu: macho yake, mwili wake, hesabu, na kwa muda hata Mungu, ili aone kipi kitabaki kimesimama. Nikasema ngoja nami nijaribu. Nikajaza ukurasa mzima. Sina hakika kwamba mkono huu ni wangu. Sina hakika kwamba milima hii ipo. Sina hakika kwamba Mungu yupo.

Ukurasa wa pili nikaandika nilivyorudi. Kwamba anayetia shaka lazima awepo, na kwamba bwana yule alimrudia Mungu kabla hajairudia hata meza yake. Chini nikaongeza mchungaji wa Uskoti aliyekuja baadaye, ambaye shaka zile zilimchekesha. Yeye alisema kuna mambo akili ya kawaida haiyadai uthibitisho: kwamba jana ilikuwepo, kwamba ardhi iko chini ya miguu, kwamba mtu akikwambia jambo unaanza kwa kumwamini.

Hilda alikuwepo nikiandika kurasa zote mbili. Chai ilimwagika kwenye ule wa pili, na aliyeifuta kwa khanga yake ni yeye. Jumamosi akaliazima daftari langu, eti anakili hoja zangu.

Jana wazee wakaniita. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba wakitazama sakafu. Mwenyekiti akafungua daftari, akasoma ile sentensi ya Mungu, hiyo moja tu. Nikamwomba afunue ukurasa unaofuata.

"Mwanangu," akasema, "anayefundisha watoto imani haandiki hivi hata kwa mazoezi. Huo mwingine hautuhusu."

Hilda alikuwa kwenye benchi la ukutani. Nikamgeukia, nikangoja. Alitakiwa kusema neno moja tu, kwamba upo ukurasa wa pili na yeye anaujua. Akakunja pindo la khanga yake, akasema, "Mimi nilichokiona ndicho nilichokileta."

Darasa amepewa yeye.

Watoto wangu kumi na wanne, niliowafundisha karibu miaka miwili, wataungama imani yao mbele ya kanisa nami nimekaa benchi la nyuma kama mgeni. Hilo linaniuma kuliko aibu yenyewe.

Nikiri na langu. Nilipochaguliwa kufundisha, Hilda naye alikuwa ameomba. Nilimwona alivyoinama majina yaliposomwa, nikajifanya sikuona. Hatukuwahi kulizungumza, tukaendelea kuchekeshana kana kwamba hakuna kitu.

Lakini kinachonikosesha raha kabisa ni Jumatatu. Mimi na yeye tunapokezana kulima, Jumatatu kwangu, Ijumaa kwake. Jumatatu hii alikuja na jembe lake kama kawaida. Tulipandisha matuta ya viazi pamoja, tukala makande kwenye sufuria moja, akaniambia nipumzike mgongo. Mwenyekiti anasema daftari lilimfikia Jumapili baada ya ibada.

Nilitilia shaka mkono wangu. Nilitilia shaka milima ya Usambara yote. Hilda sikumtia kwenye orodha.

Mchungaji yule wa Uskoti angesema sikukosea, binadamu ndivyo alivyoumbwa, huanza kwa kuamini. Nimetafuta tangu asubuhi mahali alipoandika ufanye nini baada ya hapo. Sijapaona.

Na kesho ni Ijumaa.

Mama anasema nisiende, nimwache alime mwenyewe na wazee wake. Nimefikiria sana. Nitaenda, kwa sababu Jumatatu alilima kwangu na hilo nililiona kwa macho yangu, halihitaji falsafa. Nitashika tuta langu, naye la kwake. Tukifika mwisho nitamwuliza kwa nini alikuja kunisaidia siku ile, hali alishanipeleka kwa wazee.

Atanijibu, namjua. Ila hii itakuwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza Hilda aniambie jambo na mimi nisianze kwa kumwamini.