Kamba, Masale na Miwani Mpya

Lushoto, Jumatatu

Mdogo wangu Kristian,

Salamu nyingi kutoka huku juu. Natumaini u mzima na joto la Magoma halijakumaliza. Sisi wazima, maharage yanatoa maua, na shemeji yako Secilia anauliza goti lako linaendeleaje.

Barua hii nimeiandika mwenyewe, sikumtuma mtu kuniandikia. Mwanzoni mwa wiki iliyopita binti yangu Happiness alinipeleka kwa daktari wa macho, nikapewa miwani ya kisasa: kioo kile kile, juu unaona mbali, chini unasoma. Daktari akasema nisizungushe macho pembeni, nigeuze kichwa, pua ielekee ninachotazama, na nitazoea baada ya wiki mbili. Nikamjibu kwamba nimejenga nusu ya kuta za Lushoto bila kufundishwa kutazama.

Sasa lile jambo la jirani yetu Amiri. Wiki iliyopita nilikuandikia uje Alhamisi kwenye baraza la kijiji, ushuhudie kwamba amesogeza mpaka. Nilikuwa nimeona mstari wa masale, ile mimea ya mpakani, umejikunja kuingia shambani kwetu, nikang'oa matatu. Amiri akaja mbio akiuliza kama nimelogwa, maana masale yale waliyapanda baba yake na baba yetu, nawe Kristian ulibeba miche. Nikamwita mwizi mbele ya wanawe. Akasema basi, tusizikane.

Jana nikachukua kamba yangu ya ujenzi ili nimkomeshe. Nikaivuta toka jiwe la mpaka la juu hadi la chini, ikakaza. Nikaitupia jicho la pembeni: kamba nayo imejikunja! Kristian, mimi ni fundi mwashi. Kamba iliyokazwa haipindi. Nikavua miwani, ikanyooka. Nikavaa, nikageuza pua kama alivyosema yule daktari, ikanyooka tena, na masale yote yamesimama juu yake. Palipopungua ni kwenye mashimo yangu matatu tu.

Hakuna aliyeniona, hata Secilia hajui. Nakuambia wewe wa kwanza: Amiri hakuiba hata shubiri. Mkosaji ni mimi.

Usije kunitetea. Alhamisi nitasimama mwenyewe na miche mitatu mkononi, nimwombe Amiri radhi mbele ya wanawe wale wale. Na miwani sivui! Secilia anasema nageuza shingo kama kuku aliyesikia mwewe. Atakayecheka pale barazani acheke, nitamgeuzia pua nimwone vizuri.

Wape salamu zangu wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi kaka yako,
Nathanaeli, fundi