Ukuta wa Posta ya Penhale

Nyumba Na. 14, Barabara ya Kanisa,
Penhale,
Rasi ya Yorke, Australia Kusini.
9 Juni 2019

Mpendwa Mjomba Jory,

Shikamoo, Mjomba. Goti linasemaje? Binti yako Lowenna ameniandikia kwamba daktari alikuruhusu kutembea hadi sokoni na kurudi, nawe ukafika sokoni, ukapitiliza mpaka bandarini, ukarudishwa kwa teksi. Nilicheka peke yangu jikoni. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, na ukali wake ni mzima pia. Mwezi uliopita aligombana na daktari wa meno na mwenyekiti wa bustani za mji, na wote wawili wamekwisha kumwomba radhi.

Mvua imenyesha ya kutosha wiki hii na shayiri imechipua vizuri pande zote za barabara ya Kadina. Nyie mnatembea na kaptura huko Darwin, sisi tumeshawasha moto sebuleni.

Sasa nikupe habari ya mji. Posta ya kale, iliyokuwa pia kituo cha simu cha mji, imepata wenyewe.

Ulipoondoka ilikuwa imepigiliwa mbao madirishani, na njiwa ndio walikuwa mameneja. Mwezi wa Novemba ikanunuliwa na mke na mume, Marnie na Lachlan Kessell. Marnie ni mwalimu, Lachlan ni fundi wa matrekta. Wote wawili ni viziwi tangu kuzaliwa, na wakati ule Marnie alikuwa na mimba ya miezi mitano. Unaujua mji wetu. Kabla wino wa mkataba haujakauka, watu walishaanza: "Mmesikia? Viziwi wamenunua nyumba ya simu!" Nilidhani kichekesho hicho kitawaumiza. Kumbe wao walikuwa nacho kabla yetu. Siku ya kwanza nilipokwenda kupima vyumba, Marnie aliniandikia kwenye daftari lake: "Simu ikilia usihangaike. Hapa hakuna wa kuamka."

Wakanipa kazi, Mjomba. Kugeuza posta ya mwaka 1889 iwe nyumba ya kuishi, kabla mtoto hajaja. Nilifurahi hata nikakosa usingizi. Nikachora wiki mbili nzima. Nilifuta mbao za sakafu nikaweka zege lenye mabomba ya maji moto, nikashusha dari, nikaweka vioo viwili viwili madirishani kuzuia kelele za malori. Niliita "nyumba tulivu". Nilijiona bingwa.

Siku ya kuwaonyesha, mkalimani wao alikuja kutoka Adelaide. Marnie aliutazama mchoro muda mrefu, kisha mikono yake ikasema kitu kifupi tu. Mkalimani akakohoa kidogo.

"Anasema mchoro ni mzuri sana. Anauliza ni nyumba ya nani."

"Ni yenu," nikasema. "Nimeifanya iwe na utulivu."

Marnie akacheka mpaka akashika tumbo. "Utulivu tunao. Tunahama nao."

Lachlan hakucheka. Alinishika bega, akanisimamisha mwisho wa ukumbi, uso dirishani, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Nikasimama nisijue ninangoja nini. Mara nikahisi mbao zikitetemeka chini ya nyayo zangu, mara mbili, taratibu. Nikageuka. Alikuwa kule mlango wa mbele, mita kumi na mbili kutoka niliposimama, amepiga mguu chini.

"Hivyo ndivyo ninavyomwita mke wangu," mkalimani akasema kwa niaba yake. "Tumeinunua nyumba hii kwa sababu ya sakafu yake. Wewe unataka kumwaga zege juu ya sauti yangu."

Masikio yaliniwaka, Mjomba. Miaka kumi na moja nachora nyumba za watu, na sikuwa nimewauliza hawa wanaishije.

Niliukunja ule mchoro nikaomba kwenda kukaa nao kule Kadina walikopanga. Nikakaa siku tatu, napika nao, naosha vyombo nao. Nikaona mambo ambayo shule haikunifundisha. Hawakai na dirisha mgongoni, kwa sababu mwanga ukitoka nyuma uso unakuwa kivuli na maneno hayaonekani. Meza ni ya duara, kila mtu amwone kila mtu. Anayepika akiupa mgongo ukumbi, basi amejitoa kwenye mazungumzo, ndiyo maana Lachlan ametundika kioo cha kujitazamia juu ya jiko. Na ukuta kwao si kitu cha kuzuia baridi tu. Ukuta unamkata mtu maneno mdomoni.

Na posta ilikuwa na ukuta. Ule wa vipapi, zile fito nyembamba za mbao, na lipu juu yake, unaotenga ukumbi wa mbele na chumba cha nyuma cha simu, ambako jiko lilitakiwa kukaa. Nikauchora umeondoka.

Kabla ya ukuta, mchwa. Darko, uliyemfundisha mwenyewe kushika randa, alifunua mbao tatu akaniita. Theluthi ya maboriti yalikuwa unga. Akaniambia, "Kerensa, dada yangu, zege. Siku mbili, tumemaliza, twende tukanywe bia." Nikamwambia hapana, tunabadilisha boriti moja moja. Akatukana kwa lugha ya bibi zake, nadhani mpaka mababu wa mchwa walitajwa. Lakini keshoye alirudi na maboriti ya mti mwekundu kutoka ghala lililobomolewa Wallaroo, na alivyozirudisha zile mbao za zamani ungemkumbatia. Tulijaribu kila ubao na Lachlan, huyu anapiga mguu huku, yule anainua kidole kule.

Tatizo likawa Bwana Glasson, msimamizi wa majengo ya kale, ambaye bila kibali chake hakibomolewi kitu. Ni mtu wa adabu, lakini hata kwenye joto la digrii arobaini na moja hafungui kifungo cha shingo. Alikuja tarehe 22 Januari, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema, "Ukuta umo kwenye orodha ya hifadhi. Utabaki."

Nilimweleza. Mkalimani alimweleza. Lachlan alimwonyesha kwa mikono, mwili mzima. Naye akawa anatikisa kichwa kwa huruma, na kalamu haitoki mfukoni.

Hapo ndipo Bi Nettie Pascoe alipoingia bila kubisha hodi, amevaa kofia ya kanisani, jasho linamtiririka.

"Nani anataka kubomoa chumba changu?"

Usisahau, Bi Nettie alikuwa akiunganisha simu za mji mzima kwenye swichibodi ya chumba kile tangu ana miaka kumi na saba. Nikasema moyoni, tumekwisha.

"Si chumba, Bi Nettie," nikamwambia. "Ni ukuta huu tu."

"Ukuta huu?" Akaugeukia kama aliyekutana na mtu mwenye deni naye. "Huu ulijengwa mwaka nilioanza kazi, sitini na moja! Mkuu wa posta alisema sisi wasichana tunacheka mno, wateja wanatusikia. Tukafungiwa humo kama kuku. Dirisha moja, tena la kaskazini, jua lote letu. Mimi nilikuja kuokoa chumba. Ukuta huo chomeni kuni!"

Darko alipiga makofi. Bwana Glasson hakupiga.

"Basi na ukuta ni historia, Bi Nettie," akasema polepole. "Kwa miaka hamsini na minane watu wa mji huu wameuona hapo. Siwezi kuchagua mwaka ninaoupenda na kuitupa mingine."

Nikanywea, kwa sababu alikuwa na haki. Ningekuwa mimi na kalamu ile, ningesema vivyo hivyo.

Marnie ndiye aliyeuliza swali. Hakumuuliza Bwana Glasson, alimuuliza Bi Nettie: ulijuaje kwamba simu inaingia, na wasichana walikuwa wanacheka hivyo?

"Taa, mwanangu. Kila nyumba na taa yake. Ya daktari ikiwaka, mikono inaruka yenyewe. Masikio yalikuja baadaye. Kwanza macho."

Marnie alipoelezwa, alifungua mkoba akatoa kitaa kidogo cheupe. Kikiwekwa ukutani kinawaka kengele ya mlango ikibonyezwa. Kingine, bado kimo kwenye boksi lake, kitawaka mtoto akilia. Kile cha kwanza alikiweka kiganjani mwa Bi Nettie. Bi Nettie akakaa juu ya sanduku la vifaa la Darko, akawasha, akazima, akawasha tena.

Kisha akamwambia Bwana Glasson, "Andika na hili kwenye orodha yako. Hapa palikuwa mahali pa kufanya kazi kwa macho kabla hawa hawajazaliwa."

Usidhani Bwana Glasson aliyeyuka. Aliondoka na kibali chake mfukoni, nami nikachora tena mara nne. Mara tatu alinirudishia. Mara ya nne niliacha nguzo za ukuta zimesimama, boriti yake ya juu, mlango wake na kile kidirisha cha kupitishia telegramu. Nilitoa vipapi na lipu tu, kuanzia kiunoni kwenda juu. Kila kipande kilichotolewa kina namba na kimehifadhiwa bandani, ili atakayetaka kuurudisha baada ya miaka hamsini aurudishe. Ukisimama mlango wa barabarani unaona jiko. Ukitazama nguzo, unajua palikuwa na ukuta na kwa nini. Alitia sahihi, na pembeni akaandika kwa penseli: "Afadhali." Kwa Bwana Glasson hiyo ni ngoma na vigelegele.

Mtoto hakungoja. Alikuja wiki tatu kabla ya wakati, tarehe 27 Februari, jiko halina hata bomba. Msichana, anaitwa Merryn, na mashavu yake unatamani kuyang'ata.

Sasa sikia. Merryn anasikia. Walipompima hospitali na kuambiwa hivyo, Lachlan alikuja ofisini kwangu na daftari, uso umemshuka. Aliandika: "Sisi ni watu wa kelele. Sufuria, milango, miguu. Hatujijui. Atalalaje?" Nikamtoa wasiwasi. Chumba kidogo cha nyuma, kile cha kuhifadhia mifuko ya barua, kina mawe mazito pande tatu. Nikaongeza mlango mnene na vioo viwili dirishani. Kwa hiyo ule utulivu wangu wote niliouchora mwezi wa Desemba ukapata mwenyewe, mwenye uzito wa kilo tatu.

Walihamia katikati ya Aprili. Bi Nettie huenda kila Alhamisi na pasti zake za kuoka, zilizojaa nyama na viazi, kumwimbia mtoto, maana anasema ni lazima mtu amwimbie. Marnie naye anamfundisha Bi Nettie lugha ya alama. Hajafika mbali, lakini matusi amekwisha kuyajua yote, na anamtumia salamu mkuu wake wa posta aliye kaburini.

Jumapili iliyopita nilipita. Nilisimama barabarani kidogo kabla ya kubonyeza kengele. Lachlan alikuwa jikoni na mwiko mkono mmoja. Marnie alikuwa mbele kabisa dirishani, amembeba mtoto mkono mmoja. Walikuwa wanabishana kwa mikono yao iliyobaki, kutoka mwisho hadi mwisho wa nyumba, kati ya zile nguzo. Nilielewa neno moja tu, "chumvi". Nimewahi kupiga picha nyumba zangu nyingi zikiwa tupu, zimesafishwa. Hii sikuipiga picha. Niliitazama tu.

Mjomba, naomba usikasirike kwa ninayoandika sasa. Ndiyo hasa yaliyonifanya nichukue kalamu badala ya kupiga simu.

Lowenna ameniambia umeacha kula nao mezani. Unasema huna njaa, kisha unakula peke yako umesimama. Ameniambia unaitikia "ndiyo" kwa kila kitu, na kwamba wiki mbili zilizopita ulimwambia jirani "ndiyo" akaja na trela kuchukua mashua yako. Tumecheka sana juu ya ile mashua. Lakini baada ya kucheka alilia. Husikii, Mjomba, na unaona haya. Miaka yote ile ya misumeno na sisi tunakupigia kelele ubonyeze vile vizibo masikioni.

Nimezungumza na Mama. Chumba cha nyuma ni chako ukikitaka, kwa baridi hii ya miezi mitatu au kwa siku zote. Nimeambatanisha mchoro. Ile meza ndefu ya babu tunamwachia Darko karakanani, na seremala wa Kadina anatutengenezea ya duara. Kiti chako kinatazamana na milango yote miwili, mtu asikushtue. Kutakuwa na taa ya mlango, na nyingine kando ya kitanda. Mama amesema, "Mwambie aje. Nitamgombeza kwa maandishi."

Umpe salamu Lowenna na mumewe Anselm, na watoto wote wawili, na yule jirani mwambie mashua airudishe. Mama anakusalimu, Darko anakusalimu, na Bi Nettie ameniagiza nikusalimu kwa alama ambayo siwezi kuiandika. Mungu akuimarishe goti na akufikishe nyumbani salama.

Kuna sehemu moja nimeiacha wazi kwenye mchoro, kwa sababu hakuna anayeijua ila wewe. Niandikie ni sikio lipi bado linasikia, la kulia au la kushoto, nijue tukuweke upande gani wa Mama.

Mimi mpwa wako, nikupendaye siku zote,
Kerensa