Nyanya za Ndugu Wasiosemeshana

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Pacha, kama anavyojulikana na wote
Umri: Miaka 41
Kazi: Mkulima wa nyanya bila udongo
Makazi: Nyumba ya pili nyuma ya banda la nyanya

Mimi ni mke wa mtuhumiwa. Mlalamikaji ni kaka yake mkubwa, yaani shemeji yangu. Sote watatu tunalima nyanya kwenye banda la nailoni. Mimea imesimama kwenye mifuko ya makumbi ya nazi, na chakula chake, yaani mbolea ya chumvichumvi iliyoyeyushwa majini, hupita kwenye mipira myembamba kikitoka kwenye tangi moja. Nyumba mbili zinakula kutokana na banda hilo.

Ndugu hawa hawasemeshani, huu ni mwezi wa nane. Walikosana juu ya mlango wa banda, ufunguke kwa ndani au kwa nje. Afande amecheka, nami simlaumu. Mimi nilishamaliza kucheka zamani.

Kupanga ratiba ya chakula ni kazi yangu. Miche ikiwa midogo tunaipa chakula chepesi cha kukuza majani. Maua ya kwanza yakitokeza, ninapunguza cha majani na kuongeza cha matunda. Nyanya zikifikia ukubwa wa gololi, tangi hutiwa kipimo kamili, mara moja kwa siku. Shemeji yuko bandani tangu asubuhi, mume wangu huingia mchana. Aliyetia huniambia mimi, nami nakwenda kumwambia mwenzake kwamba imeshatiwa. Hivyo ndivyo tulivyoishi. "Mwambie kaka yako." "Mwambie mdogo wangu." Pacha wangu wana miaka sita, hawanyamazi kutwa nzima. Watu wazima wawili wananifanya tarishi.

Mnamo tarehe 10 mwezi huu, siku ya Jumatatu, niliwaambia kila mmoja kwa wakati wake kwamba sibebi tena maneno ya mtu, wataambiana wenyewe. Wote wawili walinijibu "sawa" kwa upole kabisa. Nikadhani yameisha.

Siku mbili zilizofuata tangi halikuhitaji kutiwa kitu; Alhamisi tarehe 13 ilikuwa siku ya kuanza kipimo kamili cha kila siku. Asubuhi nilimwona shemeji akitia. Saa saba mchana mume wangu aliniuliza mlangoni, "Kaka keshatia?" Nikamwambia, "Si yule pale? Muulize." Shemeji alikuwa mstari wa tatu, anafunga mimea kwa kamba, na nina hakika alitusikia. Hakugeuka. Mimi nikaenda zangu kuwachukua watoto shuleni, na sikukanyaga bandani hadi Jumapili. Nilikuwa nimechoka nao, afande, nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Jumapili tarehe 16, saa nne asubuhi, nilisikia kelele. Majani yalikuwa yamejikunja, kingo zimeungua, mimea imenyauka na mifuko imelowa. Mume wangu, aliyewahi kuingia siku hiyo, alikuwa kwenye tangi, ameshika jagi lenye chembechembe nyeupe. Shemeji alikuwa akipiga simu hapa kituoni, akisema mdogo wake anatia sumu. Mume wangu alisimama tu na jagi lake. Hata kujitetea kulimaanisha kusema na kaka yake.

Askari walipomchukua nilizima pampu na kupima maji ya tangi. Chumvi ya mbolea ilikuwa mara mbili ya ile niliyopanga. Nilimuuliza shemeji, akasema ametia kila siku kama ratiba inavyotaka. Jioni nilipomletea mume wangu chakula hapa mahabusu nilimuuliza yeye pia. Jibu likawa lilelile. Chakula kikizidi, mizizi haiwezi tena kunywa maji. Hakuna sumu hapo. Wamelisha wote wawili, siku nne.

Nimeulizwa kama mume wangu alikuwa na nia mbaya. Hapana. Mwenye nia mbaya angalau angefungua mdomo.

Mimea haijafa yote. Mingi itapona ikisafishwa kwa maji matupu leo hii. Lakini ile ni kazi ya watu wawili, mmoja kwenye pampu, mwingine mwisho wa mipira, na lazima waitane, fungua, funga, bado. Miezi yote hii mimi ndiye nimekuwa nikikimbia katikati. Leo siendi. Naomba mume wangu aachiwe, na naomba mimi pia niachiwe.

Maelezo yangu yanaishia hapa. Nimesomewa, ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maoni ya askari mwandishi: Nimeyachukua maelezo haya Jumatatu tarehe 17, saa tano asubuhi. Shahidi aliondoka bila kumsubiri yeyote, akasema anakwenda kulala. Kwa ruhusa ya mkuu wa kituo nilimtoa mtuhumiwa, nikamketisha benchi moja na mlalamikaji, aliyekuwa amekuja kufuatilia shauri lake, na kuwasomea maelezo yote. Mlalamikaji aliniomba nimwulize mdogo wake atasimama upande upi, kwenye pampu au mwisho wa mipira. Nilimjibu kwamba mdogo wake ameketi hapo ubavuni pake. Kisha mlalamikaji akamuuliza mwenyewe, akimwita kwa jina la utotoni. Mtuhumiwa alilia kwanza, ndipo akajibu.