Nahodha Aliyechelewa Chombo

Shoga, nimejifungia chooni. Usinipigie, utasikika.

Unakumbuka hadithi yangu ya Nahodha? Kwenye ile tamthilia yetu ya TV anapanda chombo cha anga, kinalipuka hukohuko angani. Mimi nikaandika kwamba alichelewa, hakupanda, yuko hai. Sasa unanijua, lazima nijirekodi nikiisoma ndipo nisikie palipokwama. Nikabonyeza nijisikilize. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho.

Simu ilikuwa imeunganishwa na spika ya sebuleni!! Na mama mkwe yuko hukohuko!!

Na Nahodha nimempa kicheko cha marehemu shemeji. Nimempa mluzi wake na ile "tulieni, nipo" yake. Shemeji aliyepanda lile basi lililopinduka. MWANAWE mama mkwe, wa kumzaa.

Kasikia yote. Nimemkuta kasimama, mkono juu ya spika.

"Huyo ni mwanangu."

Nikasema nisamehe mama. Sikuwa na pa kuuweka uso.

"Kwa nini alichelewa?"

Nikamwambia alirudi nyumbani kuchukua miwani. Nikajua leo narudishwa kwetu.

"Mwanangu asingerudia miwani," akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo, shoga, hata kidogo! "Angerudi kuangalia kama nimezima jiko. Karekebishe. Halafu uweke tena, kwa sauti ileile."

Nikakimbilia huku na simu. Nimeandika jiko, nimefuta, nimeandika tena, machozi tu.

Anagonga mlango sasa hivi. Anauliza kama Nahodha ameshafika nyumbani.