Mtoto wa Kupakatwa Halipi

Ifakara, 9 Februari 2025

Mwanangu Abdulnasir,

Asalaam aleikum. Natumaini wewe, mkeo Jihan na wajukuu zangu ni wazima huko Dar. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako Siwema linatabiri mvua kuliko redio. Barua hii nimeizika ndani ya mchele. Simu inakula vocha, mchele unasafiri hata hivyo. Kiroba nirudishie.

Neno lenyewe ni banda letu la video. Siku hizi kila mtu ana filamu zake mfukoni, nami nimebaki na mabenchi na panya. Silvano, yule mfanyabiashara wa mpunga, analitaka liwe ghala mavuno yakianza. Nimekubali. Lakini nataka Sumayya na Ahmad wakae humo mara moja tu, waone kilichomsomesha baba yao.

Kila nikiwaita unasema nauli hakuna, na kila mwisho wa mwezi nasikia mmekwenda sinema. Sikukatazi. Ila mwenye banda ni mimi, acha nikufundishe kubana matumizi. Bisi za nini? Mama yako amewafungia pepeta, ule mpunga mchanga anaoukaanga na kuutwanga; mfuko mmoja unashibisha safu nzima. Tena mtoto wa kupakatwa halipi. Hapa kwangu akina mama kutoka kijiji cha Mbingu walikuwa wakipakata watoto miguu inaburuzika chini, ndevu zinakaribia kuota, nami nafumba macho. Kitakachobaki kiwe nauli.

Baba yako,
Yunusi

Dar es Salaam, 27 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Waaleikum salaam. Sisi ni wazima, mchele umefika, na mama mpe pole ya goti.

Ushauri wako tumeufuata, na tumeumbuka. Nilikata tiketi mbili, yangu na ya Jihan. Ahmad nilimbeba mimi, Sumayya akamshika mama yake mkono. Baba, Sumayya ana miaka tisa na urefu wa bibi yake. Binti wa mlangoni akauliza, "Na huyu naye ni wa kupakatwa?" Kabla sijafungua mdomo, Sumayya akajibu, "Ndiyo, babu amesema." Foleni nzima ikacheka. Nikiwa bado natafuta pa kuficha uso, mlinzi akafungua mkoba wa Jihan, pepeta ikamwagika sakafuni. Chakula cha nje marufuku.

Tuliishia ngazini bila kuiona filamu, tukala kilichosalia. Mlinzi alitufuata akaomba kiganja kimoja, kumbe ni mtu wa Mngeta, huko huko kwetu. Alitafuna kafumba macho. Jihan hakucheka hata kidogo. Anasema sinema basi tena.

Kuhusu kuja huko, inshallah.

Mwanao,
Abdulnasir

Ifakara, 18 Mei 2025

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Idi imepita, mpunga umeiva, kiroba hakijarudi. Barua zangu za Machi na Aprili hukuzijibu. Nikikupigia unauliza goti na mvua, nikitaja banda mtandao unakata.

Huenda nimewaaibisha mbele za watu na Jihan kakasirika. Kama ni hivyo, mwambie mzee anaomba radhi, alidhani milango yote ni kama wa kwake.

Silvano ameshapima mlango. Nilimwomba asubiri shule zifungwe. Akasema, "Mzee wangu, mpunga haujui likizo." Lakini ni mtu mwema, amenipa wiki moja ya Juni. Mabenchi yamekwenda madrasa, moja nimelizuia. Msipokuja nitakaa mimi na mama yako, tutazame, tufunge. Naumia, mwanangu, sikufichi. Sitalitaja tena.

Baba yako,
Yunusi

Dar es Salaam, 29 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Kiroba hiki hapa, ndani kina sukari ya mama. Nisamehe kwa kimya. Nimekuahidi mara nyingi nikakuangusha, safari hii niliogopa kusema neno kabla nauli haijatimia. Hakuna aliyekukasirikia.

Tangu siku ile ya ngazini hatujakwenda sinema. Kila mwisho wa mwezi Jihan anatandika mkeka sebuleni, tunaegemeza simu kwenye sufuria, bisi anakaanga mwenyewe. Pesa ambayo ingekuwa ya tiketi anaitia kwenye kopo la maziwa. Sumayya ndiye mlinzi wa mlango. Hata mimi hanipitishi bila kunipekua mifuko.

Juzi kopo limetosha. Tunakuja shule zikifungwa. Mwambie Silvano alizuie lori.

Mwanao,
Abdulnasir

Dar es Salaam, 20 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Tumefika salama, Alhamdulillah. Ahmad anautangazia mtaa kwamba babu yake ana sinema yenye panya wa kweli. Jihan anasema hajawahi kuona luninga yenye kichogo kikubwa vile, wala kucheka vile.

Sumayya ana swali, kaniamuru niliandike kama lilivyo: "Babu, benchi lilikuwa na nafasi, na mlangoni hapakuwa na mtu wa kukusanya kiingilio. Kwa nini ulinipakata mpaka filamu ikaisha?"

Mwanao,
Abdulnasir

Ifakara, 2 Julai 2025

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Hatujambo, na goti la mama limetulia tangu mlipokuja. Banda limejaa magunia hadi juu. Nikipita nasikia harufu ya mpunga mpya, si mbaya.

Msomee mjukuu wangu hivi. Miaka yote ile nilisimama mlangoni, sikuwahi kuketi humo filamu ikaisha. Nikiwaona akina mama wale wamepakata watoto wazima, nilijua wanakwepa kiingilio, nikawaachia kwa huruma. Safari hii nilitaka kujaribu na mimi. Miguu ilikufa ganzi. Filamu sikuiona vizuri, kichwa chake kilinikinga, kinanukia mafuta ya nazi.

Sasa nimewaelewa. Hata ningewatoza mara mbili, wangewapakata vilevile.

Kiroba nirudishie.

Babu yake,
Yunusi