Tanguliza Fimbo

Baba Neema,

Mvua za kwanza zimenyesha hapa Simbo, na udongo wetu umeteremka bondeni mbele ya macho yangu. Hakuna cha kuushika tena. Nyasi tulizotandaza shambani zilichomwa kwenye matanga yako.

Usiwakasirikie majirani. Walikuja kuchimba kaburi, wakasikia nyoka aliyekuuma alikuwa chini ya matandazo, wakaona watusaidie. Walikokota nyasi zote, kuanzia migombani hadi kwenye michikichi, wakatia kiberiti. Mama yako alitazama mpaka moto ukaisha, kisha akachukua ufagio. Unajua alivyotusema tangu tuhamie: mtu mwenye akili hafugi nyasi mlangoni. Mimi nilikaa mkekani, sikuwazuia. Siku hiyo hata mimi nilitaka ziungue.

Nimekukasirikia sana, nikuambie ukweli. Shirikani tulifundisha wakulima kutandaza nyasi kwa mabango na chai ya semina. Tukaacha kazi zote mbili, ukasema sasa tutakula tulichokuwa tunakihubiri. Haya, tukala, na maharage yalikuwa mazuri. Lakini wenyeji hapa hawapeleki mkono penye nyasi kabla ya fimbo, na uliwaona. Wewe kila asubuhi uliingiza mkono mtupu chini ya matandazo, ukafumba macho kama mganga, ukaniita: "Njoo ushike, kuna unyevu." Wenzetu wanalia ukame, wewe unanichekea na tope kwenye kucha.

Asubuhi ile hukuniita hivyo. Uliniita jina langu.

Kwenye bodaboda ya kwenda hospitali nilikukumbatia kwa nyuma, dereva akiwa mbele, nikikuongelesha habari za miche ya mipapai. Sijui uliacha kunisikia wapi. Tulipofika Rusimbi dereva alipunguza mwendo mwenyewe, nami nikaelewa.

Kaka zako wanataka nirudi Katubuka, nitafute tena kazi ya shirika. Neema kila akipiga simu anauliza kama uwanja umefagiwa. Anaogopa. Hata mimi naogopa. Jani likitikisika tu nje, naruka.

Lakini udongo ule ulipoteremka nilipiga yowe, Baba Neema. Msibani machozi yalinikauka, watu wakanishangaa. Yalikuja siku ya mvua.

Jana nilikata nyasi, nikazitandaza juu ya kaburi lako. Mama yako akanikuta. Nilijua atazifagia. Akaingia ndani, akarudi na fimbo, akanipa bila kunitazama usoni.

"Mkamwana, tanguliza hii."

Sihami. Nitatandaza upya kuanzia hapo ulipolala, nishuke mpaka migombani, na mkono wangu hautatangulia fimbo hata siku moja. Hilo nakuahidi. Pumzika, mume wangu, mimi nina kazi.

Leo asubuhi nimezipiga nyasi zako, nikasubiri, nikaingiza mkono. Nimeshika.

Kuna unyevu.

Mama Neema