Picha Nilizomtumia Mama

Jumanne, Jomvu Kuu

Leo nimedanganya tena. Shangazi Mwanahamisi alikuja kunipa pole ya kufiwa na mama, kisha akataka nimsimulie milima ya Norwe, bahari inavyopenya katikati yake, na ile miji ya kale kandokando ya mito. Nikamsimulia yote.

Wallahi sikuiona. Miezi minane nilikuwa dobi kwenye meli ya watalii, chini kabisa, chumba kisicho na dirisha, nikipiga pasi mashuka. Picha nilizomtumia mama nilizipiga kutoka kwenye kijitabu cha matangazo cha abiria. Niliona haya ajue kazi yangu.

Shangazi alipoondoka, dada yangu Saumu akabaki ananitazama.

"Unajua kwa nini hatukukwambia mama anaumwa?"

"Ulisema simu yangu ilikuwa haipatikani."

"Yeye ndiye aliyetukataza. Kila jirani alionyeshwa picha zako. Akasema, 'Mwacheni mwanangu atembee dunia, msimharibie safari.'"

Nilitoka nikasimama uani mpaka adhana ya magharibi. Nilitaka kulia, nikashindwa.

Wangenipigia simu mara moja tu, ningeshuka bandari yoyote nikarudi. Ningemuwahi. Ningemshika hata...

Saumu ana kinyongo nami, anadhani nilikuwa nastarehe. Nikimwambia kweli, atajua mama alificha maumivu yake kwa ajili ya karatasi ya matangazo. Kwa hiyo nimenyamaza. Bora anichukie mimi.